Kanga Mkubwa Anamwamkia Nani? Shajara ya Kipindi cha Vikaragosi, Dodoma

Wiki ya 1, Jumatatu

Tumepata chumba. Ni stoo ya zamani Nkuhungu, bati tupu bila dari, na ikifika saa saba mchana humo ndani unaiva. Mwenye nyumba alidhani tunafungua kanisa. Tulipomwambia ni kipindi cha watoto cha vikaragosi alipunguza kodi kidogo, halafu akauliza kama mjukuu wake ataonekana kwenye TV. Tukamwambia ataonekana. Hilo ndilo deni la kwanza la mradi.

Tuko watano. Mimi naandika skripti na kuongoza. Mwalimu amestaafu baada ya kufundisha darasa la awali maisha yake yote, na kwenye chochote kinachofundishwa neno lake ndilo la mwisho. Mama Fundi ana cherehani na kibanda Majengo. Wachezeshaji ni wawili, kaka na dada wa tumbo moja, wote wamesomea sanaa za maonyesho na wote hawana ajira. Humu nitawaita Kaka mtu na Dada mtu, maana ndivyo wanavyoitana wenyewe wakigombana.

Kielelezo chetu ni Sesame Street ya Marekani, iliyoanza kurushwa Novemba 1969. Vikaragosi vyao hatuchukui, vina wenyewe. Tunachochukua ni utaratibu wao wa kazi: mwalimu, mtafiti na mtunzi wanakaa meza moja tangu siku ya kwanza, na kipande hakirushwi mpaka watoto wamekitazama na watu wazima wamewatazama watoto. Kipindi kile kimeshahamia nchi nyingi, na kila kilipohamia kilibadilishwa. Afrika Kusini walianza Takalani Sesame mwaka 2000, na mwaka 2002 wakamwingiza Kami, kikaragosi wa kike anayeishi na virusi vya UKIMWI, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa mlangoni kwao. Misri walimtengeneza Khokha, binti anayetaka kusoma. Hata Tanzania tulishakuwa na Kilimani Sesame, na malaria ilikuwa mojawapo ya mambo iliyoyasemea.

Chetu ni kidogo kuliko hivyo vyote. Vipande sita vya dakika kumi na mbili, kwa watoto wa miaka minne hadi saba, hapa kati.

Wiki ya 2, Jumatano

Asubuhi nzima imekwenda kwenye neno moja. Kamusi inasema kikaragosi, na asili yake ni Karagöz, mhusika wa maigizo ya vivuli ya Waturuki. Neno zuri, ila mtaani sijawahi kumsikia mtoto akilitamka. Wao wanasema midoli, na kikishaingia kwenye kioo kinaitwa katuni, hata kama kina mkono wa mtu ndani. Mwalimu kafunga mjadala: kwenye karatasi tuandike kikaragosi, na mtoto akisema katuni tumwache.

Mchana tulikwenda mnadani kununua mitumba. Vichwa tunachonga kwa sponji ya godoro, lakini ngozi inataka kitambaa laini chenye manyoya mafupi, ambacho mshono wake unazama usionekane. Hicho kinapatikana kwenye majaketi ya baridi ya kizungu. Mama Fundi hakuangalia saizi wala zipu. Alikuwa analigeuza jaketi ndani nje, anavuta, anakwaruza kwa ukucha, kisha analirudisha kwenye rundo. Muuzaji akamwuliza, "Mama, unamnunulia nani?" Akajibu, "Nanunua uso." Tumepata nyuso tatu za kahawia na mwili mmoja wa kijivu.

Nilipendekeza mtoto mmoja awe wa bluu, kama wanavyofanya wenzetu. Mama Fundi akaniuliza mtoto wa bluu ni wa nani. Sikuwa na jibu.

Wiki ya 2, Ijumaa

Wahusika wamepatikana. Tatu ni msichana wa miaka sita, jina amelipata kwa kuzaliwa wa tatu. Mwenzake ni Kanga, yule ndege hasa, mwenye madoadoa na kichwa cha bluu. Kwa hiyo bluu yangu imeingia kwa mlango wa nyuma. Mama Fundi atamfunga leso ya kanga kiunoni, ili mtoto aone jina moja limebeba vitu viwili.

Kanga ni mkubwa. Big Bird, yule ndege mkubwa wa Sesame Street, ana urefu wa karibu mita 2.5, na mchezeshaji anasimama ndani yake akiwa ameinua mkono wa kulia juu ya kichwa chake kushika kichwa cha ndege. Wa kwetu hafiki huko kwa sababu mlango wa stoo hauruhusu, lakini Kaka mtu akishaingia ndani ni jitu. Nje haoni chochote. Tumemfunga simu kifuani ili aone picha inayotoka kwenye kamera. Shida ni kwamba picha ya kamera haigeuzwi kama ya kwenye kioo cha kunyolea. Akitaka kwenda kushoto anajiona anakwenda kulia. Leo ameuvamia ukuta mara mbili.

Wiki ya 3, Jumanne

Mdomo. Sikujua mdomo una elimu yake.

Anayeanza hufungua mdomo wa kikaragosi kwa kuinua vidole vinne vya juu, na kichwa kizima kinaruka kama mamba anayedaka nzi. Inatakiwa kidole gumba ndicho kishuke, juu kutulie. Pia mdomo unafunguka kwenye silabi, haufungwi kwenye silabi. Hapa Kiswahili kinatupendelea, maana karibu kila silabi yetu inaishia kwenye irabu. "Ninakupenda" ni midomo mitano, safi kabisa, ni kama kutwanga.

Halafu tukafika kwenye "mtoto".

Dada mtu alifungua mara tatu, kwa sababu silabi ni tatu. Mwalimu akasimamisha kazi. "Huyo amesema matoto." Turudie. "Sasa amesema mutoto." Tukaangalia picha bila sauti na kweli, kwa macho, kikaragosi kilitamka irabu ambayo haipo. Kwa mtu mzima si neno. Mwalimu anasema kwa mtoto anayejifunza silabi ni neno kubwa, kwa sababu ndiye huyohuyo ataandika "mutoto" darasani na kukatwa alama. Ile m ni silabi kamili, inapigwa mdomo ukiwa umefungwa.

Tumehangaika nayo mpaka jioni. Dada mtu ndiye aliyepata dawa: kwenye m hiyo mdomo haufunguki, kichwa kinainama kidogo tu, kama mtu anayekubali. Inama, to, to. "Mbwa" ni inama halafu mdomo mmoja mpana. "Nchi" vilevile. Ukijua siri yake unacheka, lakini ukiangalia bila kujua unasikia m. Nimeiandika ukutani kwa mkaa: M PEKE YAKE, INAMA.

Wiki ya 4

Wiki ya kuandika. Mengi hayana maana kuyaeleza, ila kipande cha kuhesabu kimezaliwa chenyewe. Kanga anahesabu mawe: moja, mbili, tatu... na kutoka nyuma ya mbuyu Tatu anaitika, "Abee!" Anakuja mbio, hakuna aliyemwita, anarudi. Kanga anaanza upya, moja, mbili, tatu. "Abee!" Kila anayesikia anacheka, na mtoto hawezi kuisahau tatu tena. Kichekesho hicho huwezi kukitafsiri kutoka popote wala kukipeleka popote.

Vidole pia. Vikaragosi vingi vya mtindo ule vina vidole vinne, ni rahisi kushona na mkono hauonekani mnene. Mtoto wa jirani aliyechungulia dirishani alimhesabu Tatu vidole, akauliza kimoja kimekatwa na nini. Mama Fundi kafumua mikono yote miwili.

Wiki ya 5, Alhamisi

Leo nimekosa raha. Tulikuwa tunarekodi kipande cha Tatu akipokea kikombe cha uji kwa bibi yake. Bibi tuliyemwomba aigize ni jirani, mama mtu mzima kutoka Mvumi, hajawahi kuigiza na anaigiza kuliko sisi wote. Kamera ikaanza. Bibi akatoa kikombe. Tatu akanyoosha mkono. Bibi akakirudisha kikombe kifuani.

Nikasema, "Bibi, mpe." Akasema, "Abadilishe mkono."

Ilikuwa kushoto. Nilikuwa nimeangalia kipande hicho kwenye mazoezi labda mara ishirini na sikuliona, mimi niliyechapwa kibao cha mkono na bibi yangu mwenyewe kwa kosa hilohilo. Sababu ni ya kiufundi kabisa. Mchezeshaji anaweka mkono wake wenye nguvu, wa kulia, ndani ya kichwa. Unaobaki kushika kijiti cha mkono wa kikaragosi ni wa kushoto. Ndiyo maana vikaragosi vya aina ile vingi ni vya mashoto: vinapunga, vinaandika, vinakula kwa kushoto. Kule hakuna anayejali. Hapa tungekuwa tumewafundisha watoto herufi huku tukiwafundisha kupokea chakula kwa mkono wa kushoto kwa mkubwa.

Kaka mtu akasema tugeuze picha kwenye kompyuta, kushoto iwe kulia. Tulijaribu. Tatu akapokea kwa kulia, na bibi akatoa kwa kushoto.

Wiki ya 5, Jumamosi

Uamuzi: Dada mtu ahamishie kichwa mkono wa kushoto. Mkono huo hauna nguvu wala mdundo. Baada ya dakika tatu mdomo unachelewa nyuma ya sauti na kichwa kinainama penye m na pasipo m. Amevaa soksi mkononi, anakaa na redio, anafuatisha mtangazaji wa taarifa ya habari silabi kwa silabi. Anasema hali ya hewa ndiyo ngumu zaidi, wanasoma mbio.

Kwa Kanga dawa hiyo haiwezekani kwa sasa, maana jitu lote limeshonwa kwa mkono wa kulia kuwa juu. Bawa linalosogea ni la kushoto. La kulia limefungwa kwa uzi wa kuvulia samaki, linafuata la kushoto linapovutwa. Tumekubaliana Kanga asipewe wala asitoe kitu mpaka afumuliwe.

Wiki ya 6, Jumamosi

Jaribio la kwanza. Tumekodi kibanda umiza, banda la kuonyeshea video na mpira, Chang'ombe, saa tatu asubuhi, kabla ya mechi. Watoto ishirini hivi kwenye mabenchi, wengine wamepakata wadogo zao.

Njia ya kupima tumeiazima. Edward Palmer, mtafiti wa Sesame Street ya mwanzo, alikuwa anaweka TV, na pembeni yake mashine ya slaidi inayobadilisha picha kila sekunde 7.5, halafu anaandika mtoto anatazama wapi. Mtoto akigeukia slaidi, kipande kina kasoro. Tuliweka simu juu ya ndoo, picha zikipita: trekta, mbuzi, treni ya umeme. Lakini Chang'ombe haihitaji slaidi. Pikipiki zilipita, muuza barafu akapiga kengele, na mlango wa kibanda ulikuwa unafunguliwa kila mara na mtu anayeuliza mechi ni saa ngapi. Mwalimu alikaa pembeni na daftari, akiweka alama kila macho yalipotoka kwenye kioo.

Tatu na "Abee" walishinda hata muuza barafu.

Kanga ndiye aliyetuumiza. Tulimpa kosa la makusudi: anahesabu moja, mbili, nne, kisha anasimama na kuwatazama watoto. Hapo ndipo penye nguvu za vipindi hivi kokote, watoto wanapiga kelele "hapana, tatu!" na kusahihisha ndiko kujifunza kwenyewe. Kanga akasema nne. Akasubiri. Kimya. Sekunde tatu za kimya kwenye kibanda umiza ni ndefu kuliko mahubiri. Macho yote yalikuwa kwenye kioo, hakuna aliyetazama trekta, na hakuna aliyefungua mdomo.

Tulipomaliza, Mwalimu alichuchumaa mbele ya binti mmoja aliyekaa benchi la mbele.

"Kanga alikosea?"

"Ndiyo."

"Mbona hukumwambia?"

Akaangalia miguu yake. "Ni mkubwa."

Wiki ya 6, Jumapili

Sijalala vizuri. Big Bird ni mrefu kama mlingoti lakini akili yake ni ya mtoto wa miaka sita, na watoto wa kule wanaligundua hilo upesi, wanamsahihisha. Wetu walimpima kwa kimo, na mkubwa hasahihishwi. Walikuwa wanatusaidia kuficha aibu yake. Nimewafikiria sana wale watoto, adabu yao ilivyokuwa imekamilika, nikaona haya kuita hiyo kasoro. Kasoro ni ya kwetu, hatukuwaambia Kanga ni nani.

Nilimpigia Mwalimu. Nikapendekeza Kanga aseme tu, "Mimi nina miaka sita." Akasema, "Mwanangu, umewahi kumsikia mtoto akitaja miaka yake bila kuulizwa? Mtoto anajulikana kwa kuamkia."

Wiki ya 7

Kwa hiyo kila kipande sasa kinaanza hivi: Kanga anaingia, anamwona Mwalimu (ambaye amekubali kuonekana kwenye kamera kwa sharti la kuvaa koti), anapiga goti lile la ndege lisilokunjika vizuri, "Shikamoo, Mwalimu!" Mwalimu: "Marahaba, Kanga. Hujambo?" "Sijambo!" Maneno sita. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa kumtambulisha.

Kuna faida nyingine. Mwanzoni nilikuwa nimetenga vikaragosi kwenye dunia yao na watu kwenye yao. Wale wa Marekani nao walianza hivyo, walishauriwa wasichanganye, na kwenye majaribio ya Philadelphia Julai 1969 watoto walipoteza hamu kila zilipofika sehemu za watu bila vikaragosi. Ndipo wakamleta Big Bird mtaani. Mwalimu akiwa na Kanga fremu moja, pamekuwa na uhai.

Wiki hiihii, muziki. Mzee mmoja wa Chamwino amekuja na ilimba yake, ala ya ndimi za chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Tangu marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa kijiji cha Doduma, aipeleke majukwaa ya mbali, kila mtu anajua ilimba ni ya Wagogo, lakini kuijua na kuirekodi ni mambo mawili. Kijana wetu wa sauti aliisikiliza, akakunja uso, akasema kuna kelele kwenye ala, bzzz fulani nyuma ya kila noti. Akaisafisha kwenye kompyuta. Mzee akasikiliza kwa utulivu, akauliza, "Yangu iko wapi?" Akatuonyesha tundu kwenye ubao, limezibwa kwa utando wa buibui. Ule utando ndio unaovuma. Amekwenda kuutafuta mwenyewe kwenye kuta, ameubandika mwenyewe, na sisi tumeufuta kwa kubofya mara moja. Tumerudisha bzzz. Kinanda nacho tumekiweka pembeni, kuna noti ya ilimba inakaa katikati ya vitufe viwili na haikubali kusogea.

Wiki ya 8

Tumepoteza siku mbili kwenye saa ya ukutani. Tulitaka kipande cha "saa moja, twende shule". Mshale mfupi uko kwenye 7, na sisi tunasoma moja. Mtoto anayejifunza namba anaona saba, anasikia moja, na hana kosa lolote akichanganyikiwa. Mtu mzima amezoea kusoma namba ya upande wa pili bila kufikiri. Mwalimu: tuache, waanze na jua. Tatu sasa anaangalia kivuli cha mbuyu.

Herufi tumegeuza kuwa "silabi ya leo". Huwezi kuwa na siku ya herufi C peke yake kwenye Kiswahili, inatembea na H kama mtu na mkewe, na Q na X hazina kazi kabisa.

Wiki ya 9, Jumatano

Ugomvi, na niuandike kama ulivyokuwa. Rafiki yetu mwandishi wa Dar alitutumia skripti ya bure. Mhusika wake ni mzee wa kijijini anayezungumza Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kigogo, anazunguka akiomba hela, na mwisho Tatu anamfundisha kuhesabu chenji. Imeandikwa vizuri, inachekesha. Kaka mtu alicheka mpaka mwisho, kisha akanyamaza. Mama yao ni Mgogo.

Utani wa ombaomba tunaujua wote, tumeusikia kwenye mabasi na kwenye vichekesho. Watu wazima wanataniana, watani wana haki zao. Lakini mtoto wa Bahi mwenye miaka mitano akiwasha TV na kukuta anayeongea kama babu yake ndiye mjinga wa kipindi, huyo hakutaniwa na mtani. Nilimwandikia rafiki yangu kwa upole. Akajibu kwamba tumekuwa wazito. Huenda.

Tumechukua lafudhi, tumeacha mzee. Lafudhi sasa ni ya bibi wa Tatu, ambaye ni bibi wa Mvumi mwenyewe, na bibi ndiye mwenye majibu. Anaingia na "Mbukwenyi!" na hatuitafsiri. Watoto wa Kondoa wenye Kirangi na wale wa Kisandawe wataelewa ni salamu, kama wanavyoelewa sokoni.

Wiki ya 10 na 11

Kipande cha uso safi. Kila nchi iliweka kilicho mlangoni kwake. Hapa kati, kwa vizazi, kimojawapo ni vikope, trakoma. Kongwa watafiti walifuatilia ugonjwa huu miaka na miaka tangu miaka ya 1980, na nyuso za watoto zilikuwa kiini cha kazi hiyo. Ni bakteria, wanahama kwa vidole, kwa kitambaa kimoja cha kufutia watoto wanne, na kwa nzi wanaofuata tongotongo na makamasi. Mtoto akiambukizwa tena na tena, akiwa mtu mzima kope zinageukia ndani na kukwaruza jicho. Dawa zipo, upasuaji upo, lakini uso ulionawa hauhitaji kusubiri gari la zahanati. Kipingamizi ambacho kila mama anakitaja ni maji, na ana haki, ndoo imetoka mbali. Kwa hiyo kipande chetu kina kitu kimoja tu cha kuonyesha: kopo moja dogo linatosha, na linatosha nyuso kadhaa.

Kosa la kwanza lilikuwa nzi. Mama Fundi alimtengeneza nzi mzuri mno, mabawa ya chupa ya maji, macho ya vifuniko vyekundu, amesimama kwenye spoku ya baiskeli. Nikampa wimbo. Kaka mtu akampa sauti ya kondakta wa daladala: "Jicho hilo, jicho hilo, nafasi mbili!" Tukampeleka kibandani Jumamosi. Watoto walianguka kwenye mabenchi kwa kucheka. Kipande kilipoisha walitoka nje, wakaanza kukimbizana, bzzz, wakitua kwenye macho ya wenzao kwa vidole. Mwalimu hakuandika kitu kwenye daftari. Alilifunga.

Nzi amenyang'anywa wimbo, sauti na macho mekundu. Amebaki kidoa cheusi kinachorudi, kinachorudi, kinachorudi, na mistari yote ya kuchekesha amepewa Kanga anayejaribu kumfukuza. Kaka mtu bado ana uchungu.

Kosa la pili: sponji hainawi. Tatu alimwagiwa maji halisi usoni, akanywa nusu lita, shingo ikalegea, gundi ya jicho ikaachia. Kichwa kimekaa juu ya bati siku mbili, na upepo wa Dodoma umekirudisha na vumbi la kutosha kupanda karanga. Sasa maji ya Tatu ni vipande vya nailoni inayong'aa. Maji ya kweli ananawa mtoto wa kweli, pembeni yake, kwenye kibuyu chirizi, kile chombo cha kuning'iniza kinachochirizisha maji kidogo kidogo.

Mtoto wa kweli ni mjukuu wa mwenye nyumba.

Wiki ya 12, Jumamosi

Kibandani tena. Mama Fundi amemaliza kumfumua Kanga na kumshona upya, kichwa kimehamia mkono wa kushoto na bawa la kulia ndilo linalofanya kazi. Kaka mtu sasa anauvamia ukuta wa upande mwingine.

Watoto ni walewale, na wageni. Kanga akaingia. "Shikamoo, Mwalimu!" Benchi la nyuma mtu akacheka, "Anaamkia!" Moja, mbili, nne.

"Tatu!" Kibanda kizima. "Tatu! Kanga, tatu!" Na kwenye kioo, nyuma ya mbuyu, "Abee!" Baada ya hapo sikusikia kitu. Yule binti wa benchi la mbele alikuwa amesimama, anamwonyeshea Kanga vidole vitatu, mkono wote umenyooshwa.

Kipande cha uso hakikwenda vizuri hivyo. Katikati macho yalitoka, alama tisa kwenye daftari la Mwalimu, pale bibi anapoeleza. Bibi anaeleza mno, na kosa ni langu, nimeandika hotuba. Nitaikata ibaki kopo.

Mwenye nyumba alikuja kuangalia. Alimwona mjukuu wake akinawa, maji yakichirizika mpaka kwenye kola, kisha Kanga akimpa taulo kwa bawa la kulia na mtoto akiipokea kwa mikono miwili. Akaomba turudishe nyuma. Tukarudisha. Akaangalia mara ya pili, akatikisa kichwa.

"Huyu ndege kafunzwa," akasema. Kisha akaniuliza kodi ya mwezi ujao tutalipa lini.